Nyumba Isiyotaka Rangi ya Bure

Usiku ule Cornelia hakulala, ingawa mwenyewe angekuambia alikuwa anapumzisha mgongo tu. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa mbele, kitenge mabegani kwa ajili ya baridi, simu mapajani, akisikiliza barabara. Kila pikipiki iliyopanda kutoka mjini alidhani ndiyo inayomrudisha mumewe. Zote zilipita, mbwa wakanyamaza, naye akaanza kusubiri upya.

Mumewe, Leonardi, alikuwa ameenda Katandala kwa kaka yake Isdori, kwenye kikao cha ukoo. Ajenda ilikuwa moja. Binti yao Angela, aliyekuwa muuguzi huko Matai, alikuwa amechumbiwa na kijana wa hukohuko, jina lake Timoth, na watu wa upande wa Timoth walikuwa wanakuja kuposa. Je, wapokelewe nyumba ipi?

Mtu wa mbali angeona ni jambo dogo. Lakini katika ukoo wa Leonardi, siku ya wakwe mlango hufungwa. Wageni husimama nje na kubisha hodi, waulizwe wamekuja kutafuta nini, wajibu, wataniwe, wagombezwe kidogo, mpaka wenyeji waridhike ndipo mlango ufunguliwe. Na mlango waliofunguliwa ndio huohuo binti atakaotokea siku ya kwenda kwa mumewe. Kwa hiyo kuuliza wageni wapokelewe wapi ni kuuliza binti ni wa mlango upi. Na Cornelia aliyemzaa hakuitwa kikaoni.

Leonardi alirudi jogoo wa kwanza wameshawika. Alivua kofia, akaitundika, akaitundua, akaitundika tena. Cornelia alimwangalia mikono. Alimjua mumewe kwa mikono kuliko kwa maneno.

"Umekula?" akamuuliza.

"Nimekula kwa kaka."

"Haya. Na habari?"

"Kaka anasema nyumba yetu inatia aibu."

"Alianza lini kuiangalia?"

"Mama Angela, nisikilize kwanza. Hajakataa moja kwa moja. Amesema ukuta ukirekebishwa kabla wageni hawajafika, basi wapokelewe hapa. Usiporekebishwa, kwake. Kwake kuna marumaru, kuna geti, kuna choo cha ndani."

"Wanakuja kuoa choo?"

Leonardi alitaka kucheka, akajizuia, akaenda kulala. Cornelia alibaki palepale kwenye kigoda mpaka mwanga ulipoingia chini ya mlango. Kisha akatoka nje, akasimama barabarani kama mpita njia, akaiangalia nyumba yake.

Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma. Matofali hayo aliyafyatua yeye, miaka ambayo Leonardi alikuwa utingo wa malori ya Kasanga na kurudi nyumbani kama mgeni. Kuni za tanuru alizibeba yeye na wanawake wa jumuiya yake, baada ya sala za Jumamosi. Lipu ilipigwa mwaka ambao ulezi ulikubali sana, na baada ya lipu mambo yakaishia hapo, kwa sababu Angela alipata nafasi chuo cha uuguzi, na mtu hawezi kupaka rangi nyumba na kusomesha kwa mkono mmoja. Kwa hiyo nyumba ilibaki na rangi ya saruji. Kila msimu wa mvua, maji yaliyoanguka kutoka batini yaliupiga udongo mwekundu wa mtaa wao wa Izia na kuurusha ukutani, mpaka usawa wa magoti ukawa mwekundu. Chini kabisa lipu ilikuwa imevimba na kudondoka vipande, matofali yakichungulia.

Haya yote aliyajua. Aliuzunguka ukuta ule kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, akipapasa nyufa kama mama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Alijua ufa upi ni wa zamani na upi umezaliwa juzi. Ila alikuwa hajawahi kuuona kwa macho ya watu wa Matai.

Duka la vifaa vya ujenzi la karibu lilikuwa la Sophia, mke wa Muhidin, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi ambaye alikuwa anajuana na Cornelia tangu watoto wao walipokuwa wanagombana shuleni. Cornelia alimkuta akipanga makopo.

"Nataka kuuvisha ukuta," alisema.

"Karibu. Umevaa nini mpaka sasa?"

"Matambara. Niambie kuna nini."

Sophia alifurahi, kwa sababu alipenda kueleza. Alimwonyesha rangi ya mafuta, inayong'aa na kufutika kwa kitambaa. Kisha rangi ya maji ya nje, inayokuja kwa rangi zote mtu anazoweza kuota. Kisha akamweleza ile lipu ya kumwagia yenye vijiwe, ambayo mafundi huirusha ukutani ikabaki na mikwaruzo kama ngozi ya mamba.

"Hiyo ya vijiwe itashika vumbi lote la Agosti," Cornelia alisema. "Nitakuwa napiga ukuta mswaki."

"Basi mafuta."

"Ukuta wangu unavuta maji kutoka chini. Nimeona nyumba ya jirani wa kanisani. Walipaka mafuta, mwaka wa pili ukuta ukatoka malengelenge kama mtu aliyeungua."

Sophia alimtazama. "Kumbe umekuja na jibu lako. Sema basi, unipunguzie kazi."

Kweli Cornelia alikuwa na jibu, ila alikuwa analiogopa. Alitaka lipu iliyooza ing'olewe, ipigwe mpya, kisha juu kupakwe chokaa nyeupe ya kuchanganya na chumvi. Na chini, kuanzia msingi mpaka usawa wa magoti, alitaka mkanda mwekundu wa chokaa hiyohiyo, iliyotiwa udongo wa kiwanja chake mwenyewe, uliochekechwa.

Sophia akacheka mpaka akashika kaunta. "Watu wanaosha udongo ukutani, mwenzangu unaupaka."

"Udongo utaruka tu, dada. Kila mwaka unaruka. Afadhali uruke kwenye rangi yake."

Sophia aliacha kucheka, akafikiri kidogo. "Shemeji yako atasema umeshindwa."

"Shemeji yangu hasafishi ukuta wangu."

Walikubaliana kuhusu chokaa, na Cornelia akarudi nyumbani moyo ukiwa mwepesi kidogo. Jambo moja tu alilikosea. Hakumwambia Leonardi alichoamua. Alijiambia atamweleza jioni, na jioni ikafika na mambo yake, na asubuhi iliyofuata aliondoka mapema kwenda shamba kutayarisha matuta kabla ya mvua, huku Leonardi akibaki nyumbani na wasiwasi wake na masharti ya kaka yake.

Aliporudi jua likiwa linazama, alipita nyumba yake.

Alipita kabisa, hatua kadhaa, jembe begani, akifikiri amechanganya njia. Kisha akarudi nyuma. Ukuta wa mbele wote ulikuwa wa kijani, kijani kibichi cha kuumiza macho, mbichi bado, unanuka. Upande wa kulia wa mlango palichorwa kipande cha sabuni kikubwa kuliko dirisha, kikitoa povu. Na juu ya mlango, kutoka pembe hadi pembe, maneno meupe: SAFI MPAKA NDANI.

Leonardi alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya maneno hayo, na pembeni yake katoni ya sabuni.

"Wamekuja vijana na gari," alisema haraka, kabla hajaulizwa. "Wanatafuta nyumba zinazotazama barabara. Wanapaka bure, Mama Angela. Bure kabisa. Nikasema Mungu ametukumbuka. Kaka hana tena la kusema."

Cornelia alishusha jembe polepole.

"Bwana harusi atasimama hapo," alisema, akionyesha mahali kwa kidole. "Na wazee wake. Watabisha hodi. Tutawauliza wamekuja kutafuta nini. Watainua macho, watasoma. Sasa wajibu nini, Baba Angela? Wamekuja kununua kipande?"

Leonardi aliinua macho akasoma, na inaonekana ndiyo mara ya kwanza aliyasoma maneno yale kama mtu atakayeyapita chini akiwa amevaa suti. Aliisogeza katoni ya sabuni nyuma ya benchi kwa mguu.

Hasira haimpi mtu nafasi ya kuuliza. Jioni ileile Cornelia alikoroga chokaa kwenye ndoo, akafunga brashi kwenye ufito mrefu, akapaka juu ya ule ukijani. Alipaka mpaka giza lilipomzuia kuona mkono wake. Sophia angemwambia, kama angeulizwa, kwamba chokaa inataka ukuta unaokunywa, na rangi ile ilikuwa imeuziba ukuta mdomo. Asubuhi chokaa ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la bwawani. Ukiigusa inamwagika unga. Chini ya unga, kijani kilikuwa palepale, na sabuni ilikuwa sasa inatoa povu kupita jana.

Asubuhi hiyo ndipo Angela alipofika kutoka Matai.

Alishuka kwenye bajaji na mkoba wake, msichana mrefu mwenye mwendo wa baba yake, akasimama mbele ya nyumba. Mama yake alikuwa juu ya stuli, nywele nyeupe kwa chokaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usiangalie kwanza."

"Nimeshaangalia."

Cornelia aliona midomo ya binti yake ikitetemeka, asijue kama ni kicheko au kilio. Kwanza kilikuwa kicheko. Kisha hakikuwa.

"Mama, baba mkubwa ameshaniambia kila kitu. Ameniandalia chumba. Twende tu Katandala yaishe. Sitaki ugomvi, na sitaki watu wa Timoth wanione nikitoka kwenye hii nyumba."

"Hii nyumba ina nini?"

"Unaniuliza kweli? Soma."

"Hayo nitayaondoa. Nakuuliza hii nyumba ina nini."

Angela alitazama chini. Cornelia akashuka kwenye stuli. Hakuwa mtu wa kusimulia mambo yake ya zamani. Aliona kama kuwaonyesha watu nguo za ndani. Lakini alimkalisha binti yake kwenye benchi, akamwambia.

"Mimi nilizaliwa Ilemba, unajua. Nyumba ya wazazi wangu ilikuwa ya nyasi. Watu wa baba yako walipokuja kunichumbia, wakubwa wa ukoo wakasema nyasi ni aibu, msichana apelekwe kwa shangazi yake kwenye bati. Nikapelekwa. Wageni wakabisha hodi kwenye mlango wa shangazi, shangazi akajibu, shangazi akakaa kwenye kiti, wakamshukuru shangazi kwa malezi. Bibi yako alikuwa jikoni. Amejifunga khanga mpya. Amesimama karibu na mlango wa jikoni akisubiri aitwe. Nilikuwa nauona upande mmoja wa khanga yake kutoka nilipokaa. Hakuitwa."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia ili iweje? Nilijenga hii nyumba nikifikiri hakuna atakayekuja kuniambia nisimame jikoni."

Angela alichezea mkanda wa mkoba wake. "Baba mkubwa hawezi kukufanyia hivyo, mama. Hizo ni enzi zile."

"Labda."

"Ni ukuta tu."

"Ndiyo. Ni ukuta tu."

Angela aliinuka, akamwamkia baba yake, akanywa uji, na mchana akaenda Katandala. Hakupiga kelele. Cornelia alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, na hata baada ya hapo. Kisha aliingia ndani, akachukua nyundo ya Leonardi na tindo, akatoka.

Alianzia kwenye sabuni. Alikita tindo katikati ya povu, akapiga. Lipu ilitoka na rangi yake, kipande kizima kama gamba, ikaanguka miguuni pake. Alipiga tena. Majirani walitoka. Mtu mmoja alimwuliza kutoka barabarani, mama, ni wazimu au ni ujenzi. Cornelia hakugeuka.

"Shika fimbo yako ukachunge mbuzi," alisema. "Ujenzi utauona ukimaliza."

Leonardi alisimama mlangoni, chini ya herufi zilizobaki. SAFI ilikuwa imeshaanguka. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Ulikuwa ukuta wake pia, na zawadi yake, na alikuwa ameshamwambia kaka yake kwa simu kwamba mambo yamekaa sawa.

"Mvua ikinyesha ukuta ukiwa wazi hivi, udongo wa katikati ya matofali utatoka," alisema.

"Najua."

"Mawingu yamekaa upande wa milima ya Lyamba lya Mfipa tangu jana."

"Nimeyaona, Baba Angela. Kila kinachoweza kutuangukia nimeshakiona. Usiku nalala nacho. Sasa ama unipishe ama uchekeche mchanga."

Leonardi aliingia ndani. Cornelia alifikiri ameudhika. Punde Leonardi alitoka na suruali ya kazi, akaenda kuchekecha mchanga.

Wale vijana wa sabuni walirudi na kamera, wapige picha ya kazi yao kuwapelekea wakubwa. Walikuta matofali matupu na kifusi cha kijani, na mwanamke aliyejifunga khanga kiunoni anayerusha lipu mpya kwa mwiko.

"Mama, mambo vipi," alianza mmoja, kisha akaona uso, akabadilisha. "Shikamoo mama. Tangazo letu liko wapi?"

"Marahaba. Liko hapo chini. Mnaweza kulichukua, na gunia nitawapa."

"Lakini mzee alikubali."

"Basi mpakeni mzee."

Leonardi, aliyekuwa anakoroga saruji, aliinama zaidi kwenye koleo lake, mabega yakitikisika. Vijana walitazamana. Cornelia akawarudishia katoni ya sabuni, ambayo hakuna aliyekuwa amefungua, akawatakia safari njema. Kisha alirudi ukutani. Hakuwahi kumjibu mtu mwenye gari namna ile.

Jumamosi, baada ya sala, wanawake wa jumuiya walikuja wakiwa na ndoo. Hakuna aliyewaita. Walisema wamesikia kuna ukuta uliovuliwa nguo, wakaja kuusitiri. Wengine walichota maji ya kulowesha lipu isipasuke, wengine walichimba udongo nyuma ya choo, wakautwanga na kuuchekecha mpaka ukawa laini kama unga wa ulezi. Sophia alikuja na pakiti ya chumvi na maneno mengi. Cornelia alipanda na kushuka kwenye stuli, akipaka nyeupe, akitazama mawingu, akipaka, akitazama. Usiku alitandika maturubai ya kuanikia mahindi juu ya ukuta, akaamka kila upepo ulipoyapiga. Mvua ilizunguka. Ilinyesha upande wa Matai, ikanyesha bondeni, Izia ikaiacha.

Kila jioni alimpigia Angela simu. Waliongea habari za chakula na za mafua. Hakuna aliyetaja mlango.

Siku ya wakwe ilipofika, ukuta wa juu ulikuwa mweupe mkavu, na mkanda wa chini, uliopigwa mkono wa mwisho alfajiri, bado ulikuwa na unyevu. Ulikuwa mwekundu kama njia inayopita mbele yake, kiasi kwamba nyumba ilionekana imeota pale. Leonardi alivaa koti. Isdori alikuwa amempigia simu mara nyingi, akimwambia wazazi wawahi Katandala, gari litawafuata. Leonardi aliiweka simu juu ya kabati.

"Baba wa binti akikosekana kule," alimwambia mkewe, "wataniulizia."

"Na wakikuulizia?"

"Wataambiwa niko kwangu."

Cornelia alimsawazisha kola ya koti. Jikoni wanawake wa jumuiya walikuwa na masufuria makubwa motoni, kwa ajili ya wageni ambao hakuna aliyejua kama watakuja.

Gari lilisimama nje. Cornelia alichungulia kwenye upenyo wa dirisha. Alishuka Isdori, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, na nyuma ya gari alimwona Angela, nywele zimesukwa, gauni la kitenge, amekaa tu bila kushuka. Cornelia alifunga mlango wa mbele, akaingiza komeo.

"Hodi," alisema Isdori.

Mlango haukufunguliwa.

"Shemeji, hodi. Najua mko ndani, naona moshi."

Cornelia aliweka kiganja chake juu ya komeo, kama vile lingeweza kufunguka lenyewe. Kisha akajibu, kwa sauti ile wanayoitumia siku ya wakwe.

"Nani anabisha hodi, na amekuja kutafuta nini?"

Huko jikoni mtu alikohoa kuficha kicheko.

"Usinifanyie mchezo, shemeji. Wageni wameshaondoka Matai. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo."

"Mkubwa wa ukoo ana mlango wake Katandala. Amekuja kutafuta nini huku?"

"Nimekuja kuwachukua."

"Ulisema ukuta ukirekebishwa wageni watapokelewa hapa. Rudi nyuma, shemeji, uuangalie."

Walisikia viatu vyake vikirudi nyuma kwenye changarawe.

"Nilisema rangi. Hii ni chokaa na tope."

Ndipo Leonardi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpinga kaka yake mbele za watu, alipoinua sauti kutoka kwenye kiti chake.

"Kaka, ulisema urekebishwe. Rangi hukutaja. Nilikuwepo."

Cornelia alisikia mlango wa gari ukifunguliwa, kisha nyayo nyepesi. Alichungulia tena. Angela alikuwa amesimama mbele ya ukuta. Aliinama, akagusa mkanda mwekundu kwa kidole kimoja, akakiangalia kidole. Kisha akamgeukia baba yake mkubwa.

"Baba mkubwa, nikuulize. Kule kwako mmepanga viti. Cha mama ni kipi?"

"Viti viko vingi, mwanangu."

"Nilimwuliza mama mkubwa asubuhi. Akakaa kwenye kile cha kitambaa cheupe, karibu na changu, akajaribu kama kinamtosha. Nikamwuliza mama yangu atakaa wapi. Akaniambia mama anajua kupikia watu wengi, atakuwa jikoni."

Ndani ya nyumba hakuna aliyekohoa tena.

"Hayo ni mambo ya mpango tu," alisema Isdori. "Wanawake wamejipangia wenyewe. Angeitwa, akaja kusalimia."

"Angeitwa saa ngapi?"

Isdori alitafuta mahali pa kuegemea, akaegemea ukuta chini ya dirisha, mguu mmoja umekunjwa nyuma yake. Alipojiondoa, suruali ya kijivu ilikuwa na alama nyekundu usawa wa goti, na sehemu ya makalio ilikuwa nyeupe. Hakujua bado. Angela aliona, akatazama pembeni.

"Mpigie simu mzee Mathias, baba mkubwa," alisema taratibu. Mzee Mathias ndiye mshenga wa watu wa Timoth. "Mwambie waje Izia. Mwambie ni nyumba nyeupe yenye mkanda mwekundu, hawataikosa."

"Na chakula cha kule?"

"Kitaletwa. Jikoni kuna watu wengi."

Alisogea mlangoni. Cornelia alisikia pumzi yake upande wa pili wa mbao, karibu, kama zamani alipokuwa mdogo na kufungiwa nje akitoka kuchezea matope.

"Mama."

"Nani anabisha hodi?" Cornelia aliuliza, lakini sauti ya siku ya wakwe ilikuwa imempotea.

"Nifungulie. Wakija wakanikuta huku nje, watakuwa wanatafuta nini humo ndani?"

Cornelia alivuta komeo. Mlango alioupachika fundi mwaka wa ulezi mwingi ulikwaruza sakafu kama kawaida yake, akaufungua kiasi cha mtu mmoja kupita. Angela aliingia ubavu ubavu, akikusanya gauni lake lisiguse ukuta, kidole chake chekundu amekiinua juu. Isdori naye akanyoosha mguu.

"Wewe subiri na wakwe zako, shemeji," alisema Cornelia. "Mkija pamoja mtajibiwa pamoja."

Akausukuma mlango, na komeo likarudi mahali pake.